Kuchagua na Kubadilisha Shafti ya Fimbo ya Gofu: Anza na Uzito na Urefu, Herufi Baadaye

Herufi ya ugumu (L, A, R, S au X, kutoka laini hadi ngumu) iliyochapwa kwenye shafti, ule mwili mrefu wa fimbo kati ya mshiko na kichwa, ndiyo inayoulizwa kwanza dukani, nayo ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko vipimo vyote. Hakuna kipimo cha pamoja kinachozilazimu kampuni zikubaliane S ni ugumu kiasi gani. S ya kampuni moja inaweza kupinda sawasawa na R ya nyingine, na hata ndani ya kampuni moja, S ya gramu 50 mara nyingi ni laini kuliko S ya gramu 70. Ndiyo maana hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine: uzito, urefu, kisha ugumu, na mwisho kabisa msokoto (kiasi shafti inavyojisokota unapopiga) na mahali shafti inapopindia. Baada ya hapo tunaingia kwenye karakana.

Ijue swingi kabla ya kununua chochote

Swingi ni mzunguko wote wa fimbo unapopiga. Unahitaji kujua mambo yake matatu: kasi ya kichwa cha fimbo, jinsi unavyogeuza kutoka juu kuja chini, na wakati vifundo vya mikono vinapojiachia.

Kasi hupimwa vizuri kwa kifaa cha rada. Kama huna, tumia draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) na umbali ambao mpira unaruka kabla ya kugusa ardhi, usihesabu unaobingirika. Mpira unaotua kwenye yadi 200 hivi usawa wa bahari huashiria kasi ya takriban maili 90 kwa saa. Tahadhari kwa wanaocheza nyanda za juu: Nairobi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi kwa kiasi cha asilimia 6. Yadi 212 za Nairobi ni kama yadi 200 za Nyali, Mombasa, au Dar es Salaam. Anayesahau hilo hujipa shafti ngumu kuliko anayoihitaji, kisha akishuka pwani kwa mashindano hushangaa mpira umekufa.

Mgeuko wa juu una uzito uleule wa kasi, pengine kuuzidi. Mchezaji wa maili 92 anayevuta fimbo kwa ghafla huipindisha shafti kuliko mchezaji wa maili 100 anayegeuka polepole. Omba mwenzako akurekodi kwa simu kutoka mbele, uangalie: je, fimbo inatulia kidogo juu, au mikono inaanza kushuka kabla kichwa hakijamaliza kurudi nyuma? Wa pili ana mgeuko mkali.

Halafu angalia pembe kati ya mkono wa mbele na shafti. Ikifunguka mapema, mikono ikiwa bado juu ya kiuno, shafti huwa imeshanyooka kabla ya kufika kwenye mpira, na sifa za ncha yake (mwisho unaoingia kwenye kichwa) hazitabadilisha sana urukaji. Mchezaji huyo anafaidika na uzito na urefu unaomfaa. Kulipia shafti ya bei kali kwa sababu ya “ncha laini” au “ncha ngumu” ni kutupa fedha. Anayechelewa kufungua pembe ndiye atakayeona tofauti.

Uzito

Shafti za draiva za grafaiti (nyuzi za kaboni) huanzia kama gramu 40 hadi 80. Mwenye kasi ya chini ya maili 85 aanze na gramu 45 hadi 55, wa maili 85 hadi 100 aanze na 55 hadi 65, aliye juu ya hapo na 65 hadi 75. Mwenye mgeuko mkali apande daraja moja. Hizi ni sehemu za kuanzia tu.

Shafti nyepesi mno hujitambulisha kwa alama za mpira usoni mwa fimbo. Pulizia uso poda ya miguu, piga mipira kumi, utazame. Alama zikitapakaa kisigino (upande wa kichwa ulio karibu na shafti), ncha ya mbele ya kichwa, juu na chini bila mpangilio, mikono haijui kichwa kiko wapi, na dawa yake aghalabu ni gramu zaidi. Nzito mno huonekana baadaye: mashimo ya mwanzo mazuri, halafu kuanzia la 13 au la 14 mipira inaanza kubaki kulia (kwa mchezaji wa mkono wa kulia) na kuruka chini.

Kwenye ayani (fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma), shafti za chuma za jadi hufika gramu 130, chuma chepesi ni kama 95 hadi 105, na grafaiti hushuka hadi 60 au chini zaidi. Shafti ya ayani isiwe nyepesi kuliko ya draiva, na ya weji (fimbo fupi ya mapigo ya karibu) isiwe nyepesi kuliko ya ayani. Seti nyingi za mitumba huvunja kanuni hii kwa sababu zimekusanywa kutoka kwa wachezaji tofauti. Ukinunua fimbo iliyotumika, soma nembo ya kila shafti moja moja.

Urefu

Simama wima, umevaa viatu vyako vya gofu, mikono ikining’inia. Pima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Aliye kati ya sentimita 86 na 91 huanzia kwenye urefu wa kawaida, mfano inchi 37 kwa ayani namba 7. Kila ayani hutofautiana na jirani yake kwa nusu inchi. Ukirefusha ayani kwa nusu inchi, pembe ya kichwa na ardhi hubadilika kwa takriban digrii 1, kisigino kikitangulia kugusa nyasi na mpira kuelekea kushoto. Basi kila ubadilishapo urefu wa ayani, kagua pia pembe hiyo.

Draiva ndiyo inayoumiza wengi. Madukani huuzwa kwenye inchi 45.5 au zaidi kidogo, kwa sababu fimbo ndefu huonyesha kasi kubwa kwenye mashine. Wengi wa tunaowaona uwanjani hupiga katikati ya uso mara nyingi zaidi wakiwa na inchi 44.5, na mpira uliopigwa katikati hulipa kasi iliyopotea. Jaribu bila gharama: shika draiva yako nusu inchi, kisha inchi nzima chini ya kawaida, halafu linganisha alama za poda. Kanuni za gofu huruhusu hadi inchi 48, lakini tangu Januari 2022 kamati inaweza kuweka kanuni ya mahali inayozuia fimbo kuzidi inchi 46, isipokuwa ile ya kusukumia kwenye grini.

Ugumu, msokoto na mahali pa kupindia

Kwa draiva, kianzio cha kawaida ni hiki: chini ya maili 75 ni L; 75 hadi 85 ni A; 85 hadi 95 ni R; 95 hadi 105 ni S; zaidi ya hapo ni X. Sogea juu kwa mgeuko mkali, chini kwa mgeuko laini.

Fundi mwenye mashine ya mitetemo hubana kitako cha fimbo (mwisho wa upande wa mshiko), hukivuta kichwa na kukiachia, kisha husoma mitetemo kwa dakika. Draiva ya inchi 45 yenye mitetemo kama 250 iko eneo la R, na kama 260 eneo la S. Namba hizi hutegemea kibano na mashine, kwa hiyo linganisha tu fimbo zilizopimwa mahali pamoja. Thamani yake kubwa iko kwenye seti: ukiona ayani namba 6 ina mitetemo michache kuliko namba 5, umempata mkosaji. Kwenye seti iliyo sawa, mitetemo hupanda kidogo kidogo kadiri fimbo inavyofupika.

Shafti ngumu mno humpa mchezaji wa kulia mpira wa chini unaobaki kulia, na mikono huhisi kama imepiga kwa ubao. Laini mno hutoa mpira wa juu unaojikunja kushoto, au unaokwenda popote. Hata hivyo, mpira wa kulia una sababu nyingi, na nyingi ziko kwenye swingi. Usibadilishe shafti kwa kutazama mwelekeo pekee.

Msokoto hupimwa kwa digrii: draiva huwa kati ya kama 2.5 na 6. Mchezaji wa mgeuko laini akipewa msokoto mdogo sana huhisi fimbo ngumu hata kama herufi inasema R. Kuhusu mahali pa kupindia, ncha laini husaidia kuinua mpira kwa wanaochelewa kufungua vifundo, na tofauti aghalabu ni ya digrii chache tu za kuruka. Kubadilisha pembe ya uso wa kichwa ni rahisi na huleta badiliko kubwa zaidi.

Uzito wa swingi kwa mizani ya jikoni

Uzito wa swingi ni jinsi kichwa kinavyohisi kizito ukiizungusha fimbo. Mafundi hutumia mizani maalumu yenye egemeo la inchi 14 kutoka kitako, na majibu yake huandikwa kama C9, D0, D2. Unaweza kuupata bila mizani hiyo.

Pima uzito wa fimbo nzima kwa gramu. Ilaze juu ya ukingo mwembamba wa rula hadi isimame yenyewe bila kuanguka, weka alama, kisha pima sentimita kutoka kitako cha mshiko hadi alama. Toa 35.56. Zidisha na uzito. D0 ni 15,373, na kila pointi ni takriban 126. Mfano: draiva ya gramu 310 inayosawazika kwenye sentimita 85.6 inatoa 310 × 50.04, yaani 15,512. Ukitoa 15,373 unabaki na 139, kwa hiyo fimbo iko D1. Kosa la milimita 2 kwenye alama hukupotosha kwa nusu pointi, hivyo pima mara tatu.

Hesabu za kukaa nazo kichwani: gramu 2 kwenye kichwa huongeza takriban pointi 1, nusu inchi ya urefu ni pointi 3, mshiko mzito zaidi kwa gramu 5 hupunguza pointi 1, shafti nyepesi zaidi kwa gramu 9 hivi hupunguza pointi 1. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anatoa chuma cha gramu 130 kwenye ayani, anaweka grafaiti ya gramu 70, anapoteza pointi 6 au 7 bila kujua, kisha anailaumu grafaiti kwamba haina hisia. Kilichokosekana ni gramu 12 hadi 14 kwenye kichwa.

Karakana: vifaa

Jiliwa yenye mataya ya mpira, mashine ya hewa moto, kivutio cha shafti (kwa grafaiti hakina mbadala), kisu chenye ncha ya ndoano, msumeno wa chuma wa meno 32 kwa inchi, msasa wa namba 80 na 120, brashi ya waya ya kuwekwa kwenye drili, asetoni, gundi ya epoksi ya fimbo za gofu ya saa 24, feruli (ile kola ndogo ya plastiki juu ya shingo ya kichwa), tepu ya pande mbili na thina. Ongeza barakoa na miwani. Vumbi la grafaiti si la kuvutwa.

Kutoa shafti ya zamani

Kata mshiko kwa kisu cha ndoano ukisukuma mbali na mwili. Kwenye grafaiti usitumie kisu kilichonyooka, kitakata nyuzi na shafti itavunjikia hapo siku moja.

Bana shafti, toa feruli, kisha pasha shingo ya kichwa pande zote. Gundi huanza kulegea inapozidi nyuzi joto 120 hivi. Shafti ya chuma unaweza kuizungusha ukivuta. Ya grafaiti ukiisokota tu, nyuzi za ncha hupasuka kwa ndani, na huwezi kuona. Kivutio hukisukuma kichwa kwa mstari ulionyooka: kaza kidogo, pasha nusu dakika, kaza tena. Ukiona moshi au kunusa harufu kali kutoka kwenye ncha ya grafaiti, joto limezidi na utomvu unaoshika nyuzi umeungua. Usiiuzie mtu shafti hiyo.

Draiva za kisasa zina adapta inayofungwa kwa skrubu, na shafti imegundishwa ndani ya adapta. Kila kampuni ina yake, hazibadilishani. Pasha kwa upole kuliko shingo ya ayani.

Kukagua vipenyo

Ncha za shafti huja kwa inchi .335 na .350 kwa fimbo ziitwazo za mbao (draiva na nyingine za kichwa kikubwa) na adapta nyingi, .370 kwa ayani na haibridi zenye ncha iliyonyooka, na .355 kwa ayani zenye ncha inayochongoka. Ncha ndogo kwenye tundu kubwa hujazwa kwa kikoba chembamba cha shaba, ili shafti isikae upande. Ncha kubwa kwenye tundu dogo ni jambo jingine: usiisugue grafaiti hadi iingie, unachoondoa ndicho kinachobeba nguvu.

Kukata

Kata ncha kwanza, kitako mwisho. Kwa ayani za .370, kila fimbo fupi hukatwa ncha nusu inchi zaidi ya iliyoitangulia, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Za .355 hazikatwi ncha kabisa. Kila moja imetengenezwa kwa namba yake. Kwenye draiva, kukata nusu inchi ya ncha hukaza shafti kidogo, na inchi moja ni mpaka ambao wengi hawauvuki. Ncha iliyokatwa hairudi, kwa hiyo jaribu kwanza bila kukata.

Zungushia utepe wa karatasi mahali pa kukata, na kwenye grafaiti zungusha shafti huku ukikata ili nyuzi zisichanike upande wa pili. Kikata bomba ni cha chuma pekee, grafaiti huisaga.

Urefu wa mwisho hupimwa kichwa kikiwa kimeingizwa bila gundi, soli (upande wa chini wa kichwa) ikiwa sakafuni kama wakati wa kupiga, rula ikipita nyuma ya kisigino hadi juu. Kifuniko cha mshiko huongeza kama milimita 3, basi kata shafti fupi kwa kiasi hicho. Kabla ya gundi, vifunge vyote kwa tepu na upime uzito wa swingi. Uzito ukipungua, ongeza kipande cha shaba ndani ya ncha, lakini usizidishe sana: gramu nyingi shingoni huvuta kitovu cha uzito kuelekea kisigino. Kilichobaki kiende kwenye tepu ya risasi nyuma ya kichwa.

Kugundisha

Pima kina cha tundu, kwa ayani huwa karibu milimita 32. Sugua ncha kwa msasa hadi rangi yote itoke, ukiishia milimita 3 chini ya ukingo wa shingo. Kwenye grafaiti ondoa rangi tu, simama unapoona weusi usiong’aa. Chuma nacho kisuguliwe hadi mng’ao uishe. Safisha tundu kwa brashi, futa kwa asetoni, acha likauke. Gundi ya zamani iliyoachwa ndani ndiyo chanzo kikubwa cha vichwa vinavyoruka uwanjani.

Lainisha feruli kwenye maji ya moto, isukume mahali pake. Changanya epoksi sehemu moja kwa moja kwa dakika nzima au zaidi, hadi rangi iwe moja. Paka ndani ya tundu na kwenye ncha, ingiza ukizungusha, gonga kitako chini taratibu, futa iliyotoka. Rudi baada ya dakika kumi: hewa iliyonaswa chini huisukuma shafti juu polepole, na usipoirudisha fimbo itakauka ikiwa ndefu. Acha saa 24 kwenye joto la nyuzi 20 au zaidi. Usiku wa Julai wa Nairobi au Arusha ni baridi kwa kazi hii, hivyo iache ndani ya nyumba na uongeze siku. Epoksi ya dakika tano haifai kwa fimbo ya kuchezea.

Usivishe mshiko kabla gundi haijakomaa. Hewa inayobanwa na mshiko mpya hukitoa kichwa nje.

Mshiko

Linganisha kipenyo cha kitako na cha ndani ya mshiko. Mshiko wa .600 kwenye shafti ya .580 utakuwa mwembamba. Ongeza safu ya tepu. Bandika tepu ya pande mbili, ziba tundu la mshiko kwa kidole, mimina thina ndani, tikisa, imwagie kwenye tepu, kisha sukuma kwa mkupuo mmoja bila kusita. Ukisita katikati, itagoma hapo. Kwenye mkono wa juu, ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kiganja kwa shida. Subiri saa kadhaa.

Kujaribu

Linganisha shafti mpya na ya zamani kwa zamu, mipira mitano mitano, kwa mpira wa aina moja. Hesabu ile mibaya: shafti nzuri huonekana kwa umbali kati ya mpira wako wa kulia kabisa na wa kushoto kabisa. Kama una rada, mwenye kasi ya maili 95 atafute mruko wa digrii 12 hadi 15 na mizunguko 2,200 hadi 2,800 kwa dakika. Adapta ifungwe kwa ufunguo wake hadi ulie, karibu Nm 4.5, na ukumbuke kwamba katikati ya raundi huruhusiwi kuibadilisha mipangilio ya fimbo kwa makusudi.

Kwa ayani, usifanye seti nzima kwa mara moja. Jenga namba 7 peke yake, ichezee raundi kadhaa, rekebisha uzito na urefu wake, kisha andika namba zote: gramu za shafti ghafi, urefu uliokatwa ncha na kitako, uzito wa swingi, uzito wa mshiko. Nyingine zijengwe kwa kufuata karatasi hiyo.